Laptopu imegoma kupita megahezi 400 kwenye Linux: tafuta kwanza nani anavuta breki

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta uzi huu kwa yeyote aliyekaa mbele ya laptopu yenye prosesa nzuri, Linux imewekwa vizuri, halafu mshale wa kipanya unasogea kama unavutwa kwenye tope. Nimeishi na hali hiyo karibu miezi mitatu. Nimebadilisha distro (aina ya Linux) mara mbili, nimepeleka kwa fundi akabadilisha pesti ya joto kisha akaniambia bodi ndiyo imekufa, na mwisho wa yote chanzo kilikuwa kitu ninachokishika mkononi kila siku. Nitaeleza vipimo kimoja kimoja, maana vipimo ndivyo vilivyonitoa huko.

Mashine ina Core i5-8250U. Kasi ya msingi ni gigahezi 1.6, turbo, yaani kasi ya juu ya muda mfupi, inafika 3.4. RAM inatosha, diski ni SSD. Tatizo lilianza ghafla: jana yake ilikuwa nzima, asubuhi nawasha, kufika kwenye eneo-kazi ilichukua zaidi ya dakika. Nikiandika kwenye terminali herufi zinatokea nyuma ya vidole.

Kuna dalili moja niliipuuza, na ilikuwa kubwa kuliko zote. Feni haikusikika. Kawaida nikifungua kurasa tano za kivinjari feni inaanza kuvuma, na pale katikati ya kibodi, juu ya herufi T na Y, kiganja kinapata vuguvugu. Safari hii palikuwa baridi kama mashine haijawashwa. Prosesa inayopunguzwa kasi kwa sababu ya joto haiwezi kuwa baridi. Ningelifikiria hilo siku ya kwanza, nisingemlipa mtu kubadilisha pesti.

Kipimo cha kwanza ni kasi yenyewe:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Mistari yote nane ilisoma 400 na vidogo baada ya nukta. Lakini hapa pana mtego, wakuu. Mashine iliyotulia kushuka hadi 400 au 800 ni jambo la kawaida, inajipumzisha. Namba hiyo haina maana yoyote mpaka uipe kazi. Kwa hiyo fungua terminali ya pili:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 120`

Sifuri hapo maana yake tumia prosesa zote zilizopo. Yangu ilibaki 400 dakika mbili nzima. Sasa hilo ni tatizo la kweli.

Ukishafika hapo, usiguse kitu. Usiongeze programu, usihariri GRUB (programu inayoanzisha Linux). Jiulize kwanza nani anavuta breki, kwa sababu wanaoweza kuivuta ni wengi na kila mmoja anaacha alama yake. Mipangilio ya kerneli (moyo wa Linux) inaweza kuwa imeweka dari. Joto linaweza kuwa limefika kikomo. Wati zinaweza kuwa zimeisha. Na kuna wa nne ambaye watu wengi hawamjui: waya mmoja kutoka nje ya prosesa, unaoiambia "punguza sasa hivi" bila kueleza sababu.

Nikaanza na mipangilio:

`cd /sys/devices/system/cpu`
`cat cpu0/cpufreq/scaling_driver`
`cat cpu0/cpufreq/scaling_governor`
`cat cpu0/cpufreq/scaling_max_freq`
`cat intel_pstate/no_turbo`

Majibu: intel_pstate (draiva ya kasi), powersave (gavana, yaani kanuni ya kupandisha na kushusha kasi), 3400000, 0. Namba ya tatu iko kwa kilohezi, yaani 3.4 gigahezi, dari halijashushwa. Sifuri ya mwisho ina maana turbo haijazimwa.

Hilo neno powersave limepoteza watu wengi, mimi nikiwemo. Gavana wa powersave kwenye draiva ya acpi-cpufreq kweli anaishikilia prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Lakini intel_pstate ikiwa kwenye modi yake ya active inatoa magavana wawili tu, powersave na performance, na huyu powersave wake anapandisha na kushusha kasi kulingana na kazi. Ukimkuta hapo usishtuke. Nilimbadilisha kuwa performance, kasi haikusogea hata megahezi moja. Basi mipangilio haikuwa na kosa.

Nikaenda kwenye joto:

`sensors`
`cat cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`

Nyuzi joto 38. Na hesabu ya mara ambazo prosesa imejibana kwa joto tangu mashine iwashwe: 0. Joto nalo halina kosa.

Nikaja kwenye wati. Hapa kifaa bora ni turbostat, inakuja kwenye kifurushi cha vifaa vya kerneli vya distro yako:

`sudo turbostat --interval 2 --show Busy%,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt`

Mstari uliotoka, stress-ng ikiwa inaendelea, ulisema: Busy% 99.80, Bzy_MHz 400, PkgTmp 38, PkgWatt 2.1. Usomeni polepole. Prosesa ina kazi asilimia mia, inaruhusiwa kula wati 15, inakula wati 2 tu, na iko baridi. Haijakosa umeme wala haijapata joto. Kuna mtu ameikanyaga mguu.

Akabaki yule wa nne. Anaitwa PROCHOT. Ni pini kwenye prosesa ambayo asili yake ni ya kutangaza kwamba prosesa imepata joto kupita kiasi. Lakini inafanya kazi pande zote mbili: vifaa vingine kwenye bodi vinaweza kuivuta pini hiyohiyo, na prosesa inatii papo hapo kwa kushuka hadi kasi ya chini kabisa. Sakiti ya umeme ikizidiwa inaivuta. Ile chipu ndogo inayosimamia kibodi, betri na feni nayo inaivuta. Sifa yake ni hiyo: kasi imeganda kwenye namba moja, haipandi hata sekunde moja, na mashine ni baridi.

Kuithibitisha unahitaji kifurushi cha msr-tools, kinachosoma rejista, yaani visanduku vidogo ndani ya prosesa vinavyoshika hali na mipangilio yake:

`sudo modprobe msr`
`sudo rdmsr -a 0x19c`

Kwangu ilitoa 883e000c. Inatisha kuiangalia, ila ukiifungua ni maneno matupu. Hiyo 3e kwa namba za kawaida ni 62, yaani bado nyuzi 62 kufika kikomo cha 100, ndiyo ile 38 ya sensa. Herufi c ya mwisho ni 1100 kwa biti, zinahesabiwa kutoka kulia kuanzia 0. Biti ya 0 na ya 1 ni zile za prosesa kujibana kwa joto lake yenyewe, zote zimezima. Biti ya 2 inasema kuna kifaa cha nje kinaivuta PROCHOT sasa hivi, biti ya 3 inasema kimewahi kuivuta. Zote mbili zimewaka.

Nilikaa naangalia hiyo c kwa muda mrefu. Miezi mitatu nilikuwa natafuta kosa ndani ya Linux, kumbe Linux ilikuwa inaomba gigahezi 3.4 kila sekunde na inanyimwa.

Ili kuhakikisha, nikaiambia prosesa isisikilize sauti za nje kwa muda. Biti ya 0 ya rejista 0x1fc ndiyo inayohusika. Soma kwanza thamani yako, usinakili yangu:

`sudo rdmsr 0x1fc`

Kwangu 2c005d. Mwisho ni d, yaani 1101, biti ya 0 imewaka. Unaizima kwa kupunguza moja:

`sudo wrmsr -a 0x1fc 0x2c005c`

Sijamaliza kuinua kidole kwenye Enter, 400 ikawa 3400 kwenye mistari yote. Baada ya sekunde chache feni ikaanza kuvuma. Sikuwahi kudhani sauti ya feni inaweza kunifurahisha hivyo.

Swali likabaki: nani alikuwa anaivuta? Nikarudisha thamani ya zamani, kasi ikarudi 400. Nikachomoa chaja. Ikapanda. Nikachomeka, ikashuka. Betri yangu imechoka, haizidi dakika ishirini, ndiyo maana sikuwahi kuitumia bila chaja na sikuwahi kuliona hili.

Chaja za mashine ya aina hii zina pini nyembamba katikati ya plagi. Haipitishi umeme wa kuchaji. Ndani ya chaja kuna kichipu kinachotumia pini hiyo kuitambulisha chaja kwa laptopu: mimi ni wa wati 65, au 90. Waya wangu ulikuwa umekunjwakunjwa pale karibu na plagi, ule mwembamba wa katikati ukakatika ndani kwa ndani. Umeme ulikuwa unapita, taa inawaka, kila kitu kinaonekana kizima. Ila laptopu haijui imechomekwa kwenye chaja ya wati ngapi, basi inajihami: inaacha kuchaji betri na inabana prosesa. Nilipoingia kwenye BIOS, ukurasa wa betri uliandika wazi kwamba aina ya chaja haijatambulika. Ujumbe huo ulikuwepo siku zote.

Nikaazima chaja nyingine ya aina ileile. Biti ya 2 ikazima yenyewe, 3400 bila kuandika rejista yoyote. Nimenunua yangu, wiki ya tatu sasa.

Mwenye mashine inayobanwa alete vipimo vyake hapa: kasi ikiwa na kazi, joto, wati. Tutaangalia pamoja.

#2 Mdau

Mkuu shukrani sana, huu uzi nimeu-save. Yangu ina dalili tofauti kidogo. Nikianza kukompaili inakwenda 3.4 vizuri, nusu dakika hivi halafu puu, inashuka 1.9 na inakaa hapohapo mpaka mwisho. Joto 68. Nimeweka TLP, nimeweka auto-cpufreq, na power-profiles-daemon ilikuja na distro, zote ni programu za kusimamia matumizi ya nguvu. Zote tatu nimeziweka performance na hakuna kilichobadilika. Prosesa kama yako. PkgWatt inasoma 15 kavu.

#3 Mleta uzi

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Wati 15 kavu ni ukuta, na umeugonga.

Prosesa hizi zina vikomo viwili vya wati. PL2 ni cha muda mfupi, kinairuhusu ikimbie kwa nguvu kazi inapoanza. PL1 ni cha muda mrefu, na ndicho feni ya mashine imetengenezwa kukimudu. Muda wa kutoka kimoja kwenda kingine mara nyingi ni sekunde 28, ndiyo hiyo nusu dakika yako. Angalia:

`grep . /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_*_power_limit_uw`
`cat /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_time_window_us`

Ukiona 15000000 kwenye constraint_0 ndiyo PL1 yako, iko kwa maikrowati. Na muda ukisoma 27983872, ndiyo hizo sekunde 28.

Sasa naomba unielewe vizuri: kushuka mpaka 1.9 kwenye prosesa ya msingi 1.6 si ugonjwa. Ile 3.4 iliyoandikwa kwenye maelezo ni ya muda mfupi, au ya kiini kimoja kikiwa na kazi peke yake. Viini vyote vinne vikikimbizwa kwa wati 15, 1.9 ni matokeo halali.

Ila una nafasi, kwa sababu joto lako ni 68 tu na mashine ina uwezo wa kupoza zaidi. Unaweza kupandisha PL1 taratibu, mfano wati 20, ukiangalia joto:

`echo 20000000 | sudo tee /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw`

Ikikataa kubadilika, au ikibadilika na wati zibaki 15, angalia kama kuna folda nyingine inaitwa intel-rapl-mmio:0. Hicho ni kikomo hichohicho kikiwa kimeandikwa mahali pa pili, na kati ya viwili, kidogo ndicho kinachoshinda. Watu wengi wanabadilisha cha kwanza, wanakisahau cha pili, wanahitimisha kwamba haiwezekani. Na kwenye mashine nyingine firmware (programu iliyomo kwenye bodi yenyewe) inarudisha thamani yake kila baada ya sekunde chache. Kwa hao kuna programu inaitwa throttled, kazi yake ni kuiandika upya kila wakati.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa msisitizo: ondoa mbili kati ya hizo tatu. TLP, auto-cpufreq na power-profiles-daemon zote zinaandika kwenye faili zilezile za /sys. Ukiziacha pamoja, leo anashinda huyu, kesho yule, na ukipima hujui unampima nani. Bakiza moja. Mimi nimebaki na power-profiles-daemon kwa sababu inaongea na platform_profile, ambayo iko kwenye kerneli tangu 5.12 na ndiyo inayobadilisha tabia ya firmware yenyewe pamoja na feni:

`cat /sys/firmware/acpi/platform_profile_choices`
`powerprofilesctl`

Hiyo ya pili soma mstari wa Degraded chini ya performance. Kuna laptopu zenye sensa inayotambua kwamba umezipakata, na zikihisi mapaja zinapunguza nguvu ili zisikuunguze. Utaona lap-detected. Unaweza kuhangaika wiki nzima kumbe dawa ni kuiweka mezani.

#4 Mdau

Kiongozi, sisi wa Ryzen (prosesa za AMD) tunafanyaje? Sina folda ya intel_pstate, na hizo rejista ulizotaja ni za Intel. Yangu scaling_driver inasema acpi-cpufreq, inapanda hatua tatu tu na haivuki 2.1 hata nikiipa kazi.

#5 Mleta uzi

Kweli mkuu, namba za rejista za juu ni za Intel, usiziandike kwenye AMD. Lakini mpangilio wa kutafuta ni uleule: mipangilio, joto, wati, halafu sauti ya nje.

Kwako anza na turbo, kwenye AMD inaitwa boost:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`

Ikiwa 0 umeshapata. Iandike 1. Hizo hatua tatu ndizo acpi-cpufreq anazozijua, na dari analoonyesha mara nyingi ni kasi ya msingi, boost iko juu yake. Kwa hiyo usiamini scaling_max_freq, pima kwa turbostat.

Kama boost ni 1 na bado, angalia cpu0/cpufreq/bios_limit. Namba yake ikiwa chini ya ile ya cpuinfo_max_freq, basi BIOS ndiyo imeshusha dari, na sababu ya kawaida ni chaja ndogo au betri mbovu. Kuna kigezo cha kerneli, processor.ignore_ppc=1, kinachoiambia Linux isitii dari hilo. Kitumie kupima tu. Ukikuta kinafanya kazi, rudi ukamtafute aliyeshusha.

Halafu angalia kerneli yako ni ya ngapi. Draiva ya amd_pstate ilianza 5.17, na modi yake ya active ikaja 6.3. Ni bora mno kuliko acpi-cpufreq kwa Ryzen za karibuni, ila inahitaji CPPC (njia ya Linux na prosesa kuelewana kuhusu kasi) iwe imewashwa kwenye BIOS. Isipopatikana kerneli inarudi kwenye acpi-cpufreq bila kelele nyingi, labda ndicho kilichokukuta.

#6 Mdau

Samahani mleta uzi, nina ukakasi na ile sehemu ya wrmsr. Unafundisha watu kuzima ulinzi wa joto. Kuna mtu atasoma nusu, ataiweka ijiendeshe kila anapowasha, ataunguza bodi. Nimefanya kazi ya matengenezo miaka mingi, nimeona bodi zilizopasuka kapasita kwa mambo haya.

#7 Mleta uzi

Mkuu, hofu yako ni ya haki na nashukuru umeileta mapema. Niweke wazi.

Biti ile inazima kusikiliza sauti za nje tu. Prosesa ikifika nyuzi 100 kwa joto lake yenyewe bado inajibana, na ikizidi hapo bado inajizima. Ulinzi huo hauguswi. Kinachopotea ni uwezo wa vifaa vingine kuomba msaada: sakiti inayolisha prosesa umeme ikipata joto kupita kiasi, au chaja ikizidiwa, hakuna atakayesikia. Hapo ndipo kapasita zako zinapopasukia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Zima biti hiyo kwa dakika tano, ili ujue kama ndiyo inayokubana. Ukishajua, irudishe na umtafute anayelia. Mara nyingi ni chaja isiyotambulika, chaja ya wati chache kuliko mashine inavyotaka, au betri iliyokufa. Wenye kuchaji kwa USB-C angalieni hasa: chaja ya wati 45 kwenye mashine iliyozoea 65 itachaji bila lalamiko na itabana kasi. Wakati mwingine ni ile chipu ya bodi imechanganyikiwa tu. Zima mashine, chomoa chaja, na betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30, jaribu tena. Kisha sasisha firmware kwa fwupdmgr kama mashine yako inasaidiwa.

Kuna watakaobaki na sensa iliyokufa kwenye bodi isiyotengenezeka, na kwao njia pekee ni kuizima moja kwa moja. Wafanye wakijua hatari yake, na waangalie mashine isifanye kazi nzito masaa mfululizo. Thamani inarudi yenyewe ukizima mashine, na mara nyingi hata ikilala na kuamka, kwa hiyo itabidi iandikwe tena kila mara. Na kama Secure Boot imewashwa, kerneli inaweza kukataa kabisa wrmsr. Hapo si kosa la amri.

#8 Mdau

Mimi yangu inachemka hasa. Nyuzi 97, na core_throttle_count imefika elfu arobaini na kitu leo peke yake. dmesg imejaa "temperature above threshold, cpu clock throttled". Nimesoma mahali kwamba kupunguza volti kunasaidia, nikajaribu intel-undervolt lakini hakuna kinachobadilika.

#9 Mleta uzi

Mkuu, kwako hakuna fumbo, ni joto. Fungua, toa vumbi kwenye mapezi ya feni. Siyo kupuliza kwa nje tu, vumbi hujikusanya kama kitambaa kati ya feni na mapezi, huwezi kuliona mpaka utoe feni. Badilisha pesti. Baada ya hapo weka upya hesabu kwa kuzima na kuwasha mashine na uangalie tena ile core_throttle_count baada ya kazi ileile. Namba hiyo ni shahidi mzuri kuliko hisia ya mkono.

Kuhusu volti: ilikuwa dawa nzuri sana, lakini Desemba 2019 ilitangazwa hitilafu ya usalama iliyoitwa Plundervolt, iliyotumia rejista hiyohiyo ya kupunguza volti kuvujisha siri kutoka sehemu inayolindwa ya prosesa. Baada ya hapo masasisho ya BIOS yaliifunga rejista kwenye mashine nyingi. Ndiyo maana amri inapita na volti haisogei. Sishauri kurudisha BIOS ya zamani kwa ajili hiyo.

#10 Mdau

Nami nichangie kidogo. Yangu turbostat inasema 3.2 muda wote, joto zuri, wati nzuri, lakini mashine ni nzito.

#11 Mleta uzi

Basi mkuu prosesa haina kosa. Andika `vmstat 1` wakati imekuwa nzito. Safu ya wa ikiwa juu, inasubiri diski. Safu za si na so zikiwa na namba badala ya sifuri, RAM imejaa na inatumia swap (diski badala ya RAM). Fungua uzi wake tukusaidie huko.

#12 Mdau

Wakuu, nimekuwa nasoma kimyakimya tangu juzi. Mashine ya kaka yangu imeganda 800 tangu mwezi uliopita, alishaanza kutafuta mnunuzi wa spea. Leo nimekaa nayo. stress-ng, 800. Joto 41. Wati 3. rdmsr 0x19c mwisho wake c kama yako. Nikachomoa chaja nikiangalia skrini, ikawa 2700 palepale. Nimechomeka tena, 800. Ila chaja yake haina pini katikati, ni USB-C. Hapo ndipo nimekwama.

#13 Mleta uzi

Safi sana mkuu, umefika pazuri. Hiyo USB-C haihitaji pini ya pekee, chaja na laptopu zinaelewana zenyewe kuhusu volti na ampea kupitia waya za ndani ya kebo. Sasa fanya mambo mawili. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, tafuta neno Output na uzidishe volti kwa ampea kwenye mstari wenye volti kubwa kuliko yote. Ukikuta 20 V na 2.25 A hiyo ni wati 45. Linganisha na ile iliyokuja na mashine. Pili, kama chaja ina kebo inayochomoka, jaribu kebo nyingine, maana kebo ya kuchajia simu inaweza kuibana chaja nzuri.

#14 Mdau

Mgongoni imeandikwa 20 V, 2.25 A. Ya mwanzo ilipotea akanunua hii, na mashine yenyewe chini imeandikwa 65 W. Nimeazima ya jirani ya 65 sasa hivi. Inasoma 3100, na feni imeanza kuvuma.